Mgongo wa Mwalimu

Saa nne asubuhi, muuguzi mkuu wa nyumba ya wazee alikuwa akibandika plasta ya mwisho kwenye kidonda cha Mwalimu, chumba namba sita, mlango uliposukumwa. Binti wa mzee aliingia, simu mkononi.

“Nani kampiga baba yangu picha?”

Kwenye kioo cha simu: mgongo mtupu mpaka makalioni, kidonda wazi, pembeni kirula cha karatasi chenye tarehe. Picha ilikuwa kwenye kundi la ukoo tangu jana. Mjukuu mmoja alikuwa amempigia Mwalimu kumpa pole. Kumbe ndiyo maana tangu alfajiri mzee hakugusa chai wala maji.

“Ni yule mfagizi. Kila nikija namkuta na simu. Aondoke leo hii!”

Mfagizi aliitwa. Akatoa kisimu cha tochi. “Mama, hiki kikipiga picha, na ufagio wangu utaimba.”

Hakuna aliyecheka. Muuguzi mkuu bado alikuwa akikitazama kirula. Huwekwa na anayepima kidonda, na tarehe ilikuwa ya Jumatatu. Jumatatu yeye alikuwa mapumzikoni. Aliyepima ni Chapchap, muuguzi wa zamu.

Saa tano, chumba cha dawa.

“Ulimtumia nani?”

Chapchap aliinamisha kichwa. “Kaka yake huyo dada. Yuko mbali, kanibembeleza wiki nzima. Eti anafichwa hali ya baba. Nikaona, si mwanawe?”

“Naye kaitupia ukoo, waone dada mtu kamtelekeza mzee. Mwalimu ulimwuliza?”

“Alikuwa amelala kifudifudi, Sista.”

“Na masikio nayo yalilala?”

Chapchap akaanza kulia. Muuguzi mkuu hakuweza kumfokea. Kamera ya kituo ilipoharibika, ni yeye aliyesema watumie simu zao kwa muda. Ule muda ulikuwa umefika miezi minne.

“Fungua simu.”

Picha za visigino, nyonga, migongo. Wazee kumi na mmoja.

Binti alipoambiwa ukweli, alimwomba mfagizi radhi. Muuguzi mkuu akaenda kupiga magoti kitandani kwa Mwalimu, akamweleza yote, na kosa lake mwenyewe.

“Mwanangu ndiye kaituma?”

“Ndiye, Mwalimu.”

Mzee alinyoosha mkono. “Nipe maji. Kisha nenda kawaambie wenzangu, kabla wajukuu zao hawajawapa pole.”

Hadi jioni muuguzi mkuu alikuwa amefikia wa tano, bibi wa chumba namba tisa. Bibi alimsikiliza, akavuta shuka hadi kidevuni.

“Hao sita waliobaki waache walale hadi kesho, mwanangu. Nami uje uniambie tena. Leo niache nijifunike kwanza.”