Kioo cha Nyumba ya Fumba

"Dakika mbili na nusu!" Ghanim akapiga meza kofi. "Yako iko wapi, mke wangu?"

"Asilimia sita."

"Sita? Mpaka imalize mimi nshaota mvi."

Asila akacheka. Mume na mke hawa walikuwa ofisi moja Kikwajuni, kazi yao kuchora nyumba kwenye kompyuta kabla hazijajengwa. Siku hiyo bosi wao, Bi Khairiya, alitaka programu mbili zishindanishwe, ajue ipi inageuza mchoro kuwa picha upesi zaidi. Ghanim alikuwa na yake na Asila na yake. Mchoro ulikuwa mmoja: chumba cha kulala cha nyumba ya Fumba aliyoichora Ghanim. Mwenyewe alisema ni ya mteja, Bwana Khatib.

"Kamera ya humu mchoroni usiisogeze," Ghanim alisema huku akivaa kofia kwenda kusali adhuhuri. "Ikisogea mashindano yameharibika."

"Sisogezi. Nenda, sala ya jamaa itakupita."

Ya Asila ikamaliza kwa dakika hamsini. Akaziweka picha mbili pamoja. Kitanda kile kile, pazia zile zile, ila kioo cha kabati kilikuwa tofauti. Programu ya Ghanim, kwa pupa yake, ilikipaka kijivu ikapita. Ya Asila haikujua kustahi watu. Ilipiga hesabu ya kila kilichomo chumbani, hata vilivyokuwa nyuma ya kamera, ikavionesha vyote kiooni.

Kiooni mlikuwa na kitanda cha mtoto chenye chandarua cha waridi. Ukutani kulikuwa na picha ya fremu: Ghanim amempakata mtoto wa kike, na mwanamke amemwegemea begani. Juu ya fremu kulikuwa na herufi kubwa zilizokaa kinyume. Asila akaigeuza picha, akasoma.

KAWTHAR.

Miaka miwili nyuma alijifungua mtoto wa miezi saba, ametoka hana uhai. Jina la Kawthar alilichagua yeye, akamwambia mumewe peke yake. Hata mamaake hakumwambia.

Ghanim akarudi anatabasamu.

"Ehe, imeshamaliza hiyo?"

"Imemaliza. Njoo utizame kioo."

Akainama, akatizama. Tabasamu likamtoka.

"Asila..."

"Nani huyu?"

"Anaitwa Tahiya. Anakaa Amani. Nlimuoa. Nyumba hii ni yao, si ya Bwana Khatib."

"Lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Kuoa ni haki yako, nsingekuzuia. Ningelia siku mbili tatu, nikanyamaza. Mtoto ana umri gani?"

"Miaka miwili."

"Kazaliwa mwezi gani?"

Ghanim akanyoosha mkono kuifunga picha.

"Nnakuuliza, mwezi gani?"

"Ule ule. Wiki tatu baada ya... baada ya yale yaliyotufika."

"Na jina?"

"Nliona lisipotee, Asila."

"Lisipotee?" Sauti ilimpanda mpaka ikakatika. "Kwani lilipotea? Nnalo mimi! Kila nkisali nnamuombea kwa jina hilo, na wewe upo ubavuni kwangu unaitikia amin. Ukitoka hapo unakwenda Amani kumwita mtoto mwengine!"

"Wallahi kila siku nlitaka kukwambia."

"Tahiya anajua jina limetoka wapi?"

"Hajui."

"Basi umetudanganya sote wawili."

Mlango ukafunguliwa. Bi Khairiya akachungulia, miwani kichwani.

"Jamani, ipi iliyoshinda?"

"Ya Ghanim, Bi Khairiya," alisema Asila. "Imeshinda mbali sana."

Akachukua mkoba wake akatoka, asimuage hata mtu mmoja.

Alasiri simu yake ikaingia ujumbe, naye yuko kwa mamaake Malindi.

"Rudi nyumbani tuzungumze. Ntambadilisha jina mtoto."

Akajibu: "Usithubutu. Keshalizoea, na yeye hana kosa. Nipe talaka yangu."

"Sikuachi, Asila. Nakupenda."

"Basi tutaonana kwa kadhi."

Kwa kadhi hawakufika. Alhamisi kakaake Ghanim akaleta karatasi ya talaka, akaitoa huku kainamisha kichwa. Asila akaisoma, akaikunja, akaingia chumbani. Alilia kilio cha kwikwi, uso kauzika kwenye mto, mpaka mamaake akaja kukaa kitandani.

"Nyamaza, mwanangu. Mwanamme haliliwi hivo."

"Simlilii yeye, mama."

"Unamlilia nani?"

"Kawthar."

"Kawthar gani tena?"

Asila akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mtoto wake kwa jina mbele ya mtu asiyekuwa Ghanim.

"Mjukuu wako, mama."