Sutikesi Iliyogeukia Mlango

Kila siku alipotoka shule, Sindano hakupitia nyumbani. Alikata kona penye mashine ya kusaga, akaingia mlango wa pili, akavua viatu na kuanza kufagia vipande vya uzi chini ya cherehani. Hapo palikuwa karakana ya shangazi yake, fundi wa mabegi, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Jina la Sindano alilipata hapo hapo kwa ajili ya wembamba wake, na kwa kuwa ulimi wake nao ulijua kuchoma, hakuna aliyehangaika kumtafutia jina jingine.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha dogo. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza, mara nyingi alirudi nyuma hatua moja. Juu, kwenye boriti, mabegi yalining'inia safu nzima, yamejazwa mawe, yakizunguka polepole kama watu wasio na vichwa. Shangazi hakumkabidhi mteja begi kabla ya kulitundika siku tatu likiwa na mzigo. Mkono ukikatika, alianza upya na hakumwambia mtu. Mashine ya jirani ilipowashwa, sakafu ilitetema na mabegi yote yakalia nywi, nywi, kwa pamoja. Sindano alishazoea, au alidhani amezoea.

Kulikuwa na desturi nyingine. Mteja akileta begi, Shangazi alichukua kitambaa akakichana vipande viwili. Kimoja alikifunga kwenye mkono wa begi, cha pili akampa mteja. Siku ya kuchukua, vipande viliwekwa pamoja mezani, na nyuzi zikilingana, begi lilitoka. Daftari hakuwa nalo wala hakulitaka. Begi lisilo na kitambaa lilikuwa la vipuri: alinunua mabegi mabovu kwa waokota chupa, akayavunja apate zipu, vishikio na vigurudumu. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupoteza begi la mtu, na watu walivuka mitaa mitatu kumfuata kwa sababu hiyo.

Wiki hiyo Shangazi alikuwa akimshonea Sindano begi la kwenda shule ya bweni. Lilikuwa la turubai la kijani lililotoka kwenye lori kuukuu. Kitako chake kilikuwa cha mbao nyembamba, mikono ya mikanda ya viti vya gari, na vigurudumu vilitoka kwenye kigari cha mtoto. Kwa jicho la fundi, ilikuwa kazi safi ya kudumu miaka. Kwa jicho la Sindano, lilikuwa hema lenye magurudumu.

Aliyemtia wasiwasi ni rafiki yake wa darasani, ambaye wenzake walimwita Mtangazaji kwa kuwa habari zote zilianzia kwake. Mtangazaji alisema kule bweni wasichana wote huja na sutikesi ngumu zinazong'aa, na anayekuja na begi la kitambaa hubandikwa jina siku ya kwanza, halafu hilo jina humganda mpaka amalize shule. Hakuwahi kufika huko, lakini aliyasema kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa huko. Sindano aliamini kila neno, akaanza kulionea aibu begi la kijani.

Na sutikesi ya namna hiyo ilikuwepo pale pale, kwenye kona ya karakana. Ilikuwa ya rangi ya zambarau, ngumu, laini kama kioo. Ililetwa ikiwa imevunjika gurudumu, ikatengenezwa, na mwenyewe hakurudi. Miezi saba ilipita. Unga wa jirani ulipeperuka ukatua juu ya kila kitu mle ndani, lakini juu ya sutikesi ile haukushika. Kwenye mkono wake kulikuwa na nusu ya kitambaa cha bluu chenye maua meupe.

Jumatatu, Shangazi alipoinama kutia uzi cherehani, Sindano alikifungua kile kitambaa. Alikificha ndani ya mkebe wake wa hesabu, chini ya bikari.

Kesho yake Shangazi alisimama mbele ya sutikesi kwa muda mrefu. Aliushika mkono wake, akaugeuza, akautazama tena.

"Hii nayo haina kitambaa," alisema taratibu. "Nami nilidhani ni ya mtu. Basi nimezeeka kweli."

Alitaka kuivunja, kwani vigurudumu vyake vingelifaa lile begi la kijani. Sindano alimsihi ampe ikiwa nzima. Shangazi akakubali, lakini hakutabasamu, na siku ile nzima alikuwa akisimama katikati ya kazi na kuhesabu mabegi ya kwenye boriti, mara mbili, mara tatu. Sindano aliona yote hayo. Alijiambia kuwa yatapita.

Jumatano alifuta sutikesi, akapanga nguo zake ndani, akaiegemeza ukutani. Akatoka kuchota maji. Aliporudi, sutikesi ilikuwa katikati ya chumba, imegeukia mlango. Alidhani Shangazi ameisogeza. Shangazi alikuwa ameinamia cherehani, hajainuka.

Alhamisi ilisogea tena, na safari hii kulikuwa na sauti ndani yake. Ko. Kimya. Ko. Alifungua, akatoa nguo moja moja, hakuona kitu. Alipofunga, sauti ikarudi. Aliinama kusikiliza, akaona uso wake kwenye lile ganda la zambarau, umevutwa ukawa mrefu, kama mtu aliyefungiwa ndani anayechungulia nje. Alichukua kipande cha turubai kilichobaki akaifunika. Kuanzia hapo alifanya kazi akiwa ameipa mgongo, na mgongo wenyewe ulisisimka muda wote.

Ijumaa mashine ya jirani haikuwashwa. Mkanda wake ulikatika asubuhi, na msagaji akauleta kwa Shangazi aushone. Mchana Shangazi akaenda kutafuta uzi wa nailoni, akamwacha Sindano peke yake. Kwa mara ya kwanza mabegi kwenye boriti yalitulia kabisa.

Mlango ukafunikwa na kivuli. Alikuwa mama mrefu, amekonda, nguo zinampwaya, shingoni amezungushiwa bandeji nyeupe. Hakubisha hodi.

"Shikamoo," alisema Sindano.

Midomo ya yule mama ilicheza, lakini sauti haikutoka. Sindano alihisi nywele zikimsimama. Yule mama akanyoosha mkono na kufungua kiganja polepole. Kiganjani kulikuwa na nusu ya kitambaa cha bluu chenye maua meupe.

Wakati ule Sindano angeweza kusema kweli. Sutikesi ilikuwa hatua nne tu, chini ya turubai. Lakini alizifikiria nguo zake mle ndani, akamfikiria Mtangazaji, akafikiria jina litakalomganda.

"Hilo begi halipo hapa, Mama," alisema. "Labda ni kwa fundi mwingine."

Yule mama aliyatazama mabegi yote, moja baada ya jingine. Kisha alikikunja kitambaa chake mara nne, kwa uangalifu, akatoka bila kulaumu.

Sindano alishusha pumzi. Ndipo aliposikia mkwaruzo. Turubai lilikuwa likitikisika. Gurudumu moja likatokeza chini yake, kisha la pili, na sutikesi ikaanza kuja, polepole, ikiburuta turubai nyuma yake. Ilimpita pembeni bila kumgusa, ikafika kwenye kizingiti, ikagonga na kusimama, imeelekea kule alikokwenda yule mama. Ko, ikasema ndani.

Sindano aliogopa sana. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine, nacho kilimuumiza zaidi: sura ya shangazi yake akihesabu mabegi na kudhani akili zinamtoka. Alifungua mkebe, akachukua kitambaa, akatoka mbio peku akiwa na sutikesi mkononi.

Alimkuta yule mama ameketi kwenye ngazi ya mashine ya kusaga, amechoka. Alimwonyesha kitambaa na kumwomba msamaha. Yule mama alimtazama, kisha akaivuta sutikesi karibu na kuikumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni. Aliporudishwa karakanani na kupewa maji, alieleza kwa kunong'ona, akipumzika kila baada ya maneno mawili. Alifanyiwa upasuaji wa koo, akalala hospitali miezi saba. Na sutikesi haikuwa yake.

"Niliazima kwa jirani," alinong'ona. "Niliona aibu kuingia hospitali na begi langu la kitambaa. Ikavunjika gurudumu njiani, siku ile ile. Kila wiki jirani anaiulizia."

Shangazi aliwakuta hapo. Kabla hajauliza, Sindano aliviweka vile vipande viwili mezani, nyuzi kwa nyuzi, vikalingana. Akasimulia kila kitu, tangu kitambaa mpaka uongo wa mchana ule. Shangazi alizitoa nguo za Sindano ndani ya sutikesi mpaka ya mwisho, akapenyeza vidole nyuma ya bitana, penye mfuko mdogo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Lilikuwa gurudumu lililovunjika.

"Mimi kipuri kibovu humrudishia mwenyewe aone," alisema. "Ndicho kilichokuwa kikigonga. Kumbe sikuwa nimesahau."

Akafuta macho kwa kiganja. "Siku nne hizi, mwanangu, niliogopa. Nilitaka kufunga karakana. Nilisema fundi asiyekumbuka mzigo wa mtu hafai kupewa mzigo."

Sindano alilia. Shangazi alimwacha alie, kisha akamtuma aivute sutikesi mpaka kwa yule jirani, pamoja na yule mama, na aeleze mwenyewe jinsi ilivyokaribia kupotea. Alikwenda, akaeleza, akakemewa, akarudi jioni amechoka lakini kifua chepesi.

Alimkuta Shangazi akishona mkanda wa mashine. Aliuliza kwa nini sutikesi ilikuwa ikitembea. Shangazi akacheka: sakafu ina mteremko kuelekea mlangoni, mashine ikitetema kila chenye gurudumu huhama.

"Lakini leo mashine haijawashwa, Shangazi."

Sindano ya Shangazi ilisimama katikati ya mkanda. Aliutazama mlango, akautazama mkanda mikononi mwake.

"Basi hilo silijui," alisema. "Ninalolijua ni hili. Yule mama aliona aibu na begi lake, akaazima kilichomletea mashaka miezi saba. Wewe umeona aibu na begi lako, ukachukua cha mtu, na umeishi kwa hofu siku nne. Begi kazi yake ni kubeba vitu vyako. Ukilipa kazi ya kukubebea heshima, litakuangusha. Heshima beba mwenyewe, kwa kusema kweli."

Begi la kijani lilitundikwa siku tatu likiwa na mawe, na mkono haukukatika. Yule mama alipolishika siku alipokuja kushukuru, aliagiza la namna ile ile.

Kule bweni kulikuwa na mabegi ya kila aina, hata magunia mawili. Sutikesi moja ngumu ilipasuka pembe siku ya kwanza, na aliyeitwa kuitengeneza ni Sindano. Mchana, bweni lilipokuwa tupu na kimya, wakati mwingine alisimama kwenye mlango na kulitazama begi lake chini ya kitanda. Lilikuwa palepale alipoliweka.