Kifuniko cha Lenzi

Kifuniko kilimponyoka fundi saa kwenye ngazi za jengo la maduka, saa ya watu kukanyagana, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha fundi cherehani mmoja aliyevaa gauni la njano, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Hiki cha chupa gani?"

"Cha lenzi, dada. Kamera ya mjomba. Kioo chake ni cha zamani, kabla hawajaanza kuvipaka dawa ya kuzuia mng'ao. Ukikigusa tu, kinachubuka."

"Kumbe kinadeka kuliko kitinda mimba!"

Alicheka, na fundi saa akawa amekwisha. Kufikia Jumapili walikuwa wakipigiana simu mara tano kwa siku. Muda haukuwepo: Ijumaa binti alikuwa anahamia mji mwingine kushona kiwandani, miaka miwili.

"Nipige picha na mama," aliomba. "Niwe nayo huko."

Akawapiga barazani kwao, filamu nzima. Mjomba alimfundisha kufunika kioo kila baada ya picha, lakini siku hiyo macho yake yote yalikuwa kwa binti. Kifuniko hakukitoa hata mara moja. Kamera zile hutazamwa kwa kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi. Yeye alimwona mpenzi wake vizuri kabisa. Filamu haikuona kitu.

Jumatatu aliposafisha filamu, ilitoka tupu. Hapo akafanya upumbavu wa pili, na huu mimi simsamehei: akadanganya.

"Laazizi, picha zangu?"

"Dawa ya kusafishia imeniishia, mpenzi. Kesho."

Kesho ikawa keshokutwa. Alhamisi hakupokea simu kabisa.

Ijumaa asubuhi binti akaingia kibandani kwa fundi saa, gauni lile lile la njano, mama yake nyuma na begi. Akatazama picha za kamera ile zilizojaa ukutani, moja moja.

"Watu wote wamo, ila mimi. Umeniona sifai kutundikwa?"

Fundi saa akamkabidhi filamu. Binti akaiinua dirishani.

"Mbona haina kitu?"

"Sikutoa kifuniko. Nilikuwa nakutazama wewe."

Mama akaangua kicheko. Binti machozi yakamtoka.

"Tulikuwa na siku nne tu! Umezimaliza kunikwepa kwa sababu ya kifuniko?"

"Niliona aibu. Nisamehe."

"Gombaneni upesi," mama akasema. "Basi linaondoka saa nne."

Fundi saa akatia filamu mpya, akawasimamisha mlangoni, mwanga mgongoni kwao. Kabla hajabonyeza, binti akamwendea, akakitoa kifuniko kwa mkono wake, akakitia mfukoni mwa gauni. Picha ikapigwa. Kifuniko hakukirudisha.

Siku tatu fundi saa hakukaa wala hakulala. Ya nne, simu ikalia.

"Imetoka?"

"Imetoka. Mwanga umewamwagikia mabegani kama ukungu, ndivyo vioo hivi vilivyo. Lakini macho yako nayaona."

"Na kioo chako kinachodeka?"

"Nakizungushia leso. Nirudishie kifuniko, mpenzi."

"Nilimwachia mama pale kituoni. Kakichukue. Ila amesema usiende peke yako. Uende na mjomba wako."

"Kwani kifuniko kinabebwa na watu wawili?"

"Kifuniko, hapana," akasema binti, akakata simu.