Kingamwili Iliyodanganya

Kaunta ya mizigo ilifurika watu hadi mlangoni, na dada mmoja wa gauni la manjano alikuwa akigonga kioo kwa kalamu.

"Boksi langu limekaa juani tangu asubuhi! Barafu ikiisha, kilichomo kimeharibika!"

"Foleni, dada," karani alijibu bila kuinua uso.

"Chukua barafu yangu," sauti ilisema nyuma yake. Kaka mrefu, shati la bluu limenyooka kama karatasi, alikuwa amekumbatia kisanduku cha baridi. "Boksi hilo limetoka kwenye kampuni yetu. Mimi ndiye wakala wake."

"Kumbe wa kugombezwa ni wewe!"

"Nigombeze polepole basi. Sijanywa hata chai."

Dada akacheka bila kutaka. Kazini walimwita Kiberiti, kwa jinsi alivyowaka upesi. Alikuwa mtafiti. Seli ikipigwa na joto hutengeneza protini za kujikinga, na yeye alizisaka kwa kingamwili, dawa inayozinasa na kuzifanya zing'ae kijani chini ya darubini. Kingamwili hiyo, aliyokuwa ameitumia kwa mwaka na nusu, ndiyo iliyokuwa ndani ya boksi.

Kuanzia siku hiyo, simu hazikukauka.

"Umekula, laazizi?" wakala aliuliza.

"Bado. Nazipasha moto seli, wanao hawa."

"Ukiniunguzia wanangu tutakosana!"

Miezi sita baadaye, Kiberiti alifanya jaribio ambalo hakuna aliyemtuma. Aliijaribu kingamwili kwenye seli zilizoondolewa kabisa ile protini. Zilipaswa kuwa giza tupu. Alipoinamia darubini, zote ziling'aa kijani.

Kumbe ilikuwa ikinasa kitu kingine muda wote, na kazi yake ya miaka miwili ilikuwa imekwenda na maji.

"Jaribio hilo lifute," mkuu wa maabara alimwambia. "Makala yetu inatoka mwezi ujao."

"Silifuti."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana naongea taratibu."

Akatoka nje, akampigia wakala. "Mlijua kwamba kingamwili yenu ni mbovu?"

"Mpenzi, nipe siku chache."

"Nimekuuliza ndiyo au hapana!"

"Sasa hivi siwezi kusema."

Akakata simu, akaifungia namba yake. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye darubini. Kama wote walikuwa kitu kimoja, basi angesimama peke yake.

Siku ya mkutano wa watafiti alivaa suti nyeusi na kilemba chekundu. Mkuu wake alikuwa ameketi mstari wa mbele. Kiberiti akaonyesha zile seli za kijani ukutani.

"Matokeo yangu si ya kweli. Jina langu halitakuwa kwenye makala ile."

Ukumbi ukavuma. "Huenda ulikosea wewe!" mkuu alifoka.

"Hakukosea." Wakala alisimama kule nyuma, shati limekunjamana, mkononi ana bahasha nene. "Maabara nyingine tatu zililalamika. Kampuni yetu ikakalia barua zao, na mimi nikafichwa habari hizo. Nimezitafuta siku tisa. Hizi hapa."

Walikutana kwenye korido.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini bila karatasi? Ungeamini maneno ya muuzaji?"

"Nisingeamini," alikiri. "Nisamehe. Wamekufukuza?"

"Saa nne asubuhi. Nimewashukuru, nikapanda teksi."

Kiberiti akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya juu.

"Mama, naolewa."

Wakala akaachama.

"Na nani?" mama aliuliza.

"Na mwanamume asiye na kazi."

"Asiye na nini?"

"Kazi, Mama. Na yangu huenda imeisha leo. Tumesema ukweli mbele za watu, wala hatujutii."

Mama akakohoa.

"Huyo asiye na kazi, yeye amekubali?"

Kiberiti akamsogezea wakala simu mdomoni.