Kibaraza cha Vigae Chini ya Mparachichi

Fundi vigae alikuwa na mikono mizuri, na alilijua hilo. Akiingia nyumba ya mtu, alikagua sakafu kabla ya kutoa salamu. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alizoea kumvuta shati. "Mume wangu, salimia watu kwanza. Sakafu haikimbii."

Waliishi katika nyumba ya mama mkwe. Mama huyo aliwapokea walipooana, wakiwa hawana hata ndoo ya kuogea. Hakuwahi kuwakumbusha hilo, na kwa sababu hiyo fundi alimheshimu mara mbili.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mparachichi mkubwa. Baba mkwe aliupanda kwa mbegu mwaka aliozaliwa mke wa fundi. Sasa baba alikuwa marehemu, na mti ulikuwa umepita paa. Tawi moja nene lilitanda juu ya dirisha la chumba cha mama. Kila alasiri mama aliweka kiti chake cha plastiki karibu na shina, akachambua mboga hapo. Lakini mizizi ilikuwa imechomoza juu ya ardhi, na macho yake yalikuwa mabovu. Alikuwa akijikwaa.

Siku moja mama alisafiri kwenda kwa mwanawe wa kiume kufanyiwa upasuaji wa macho. Fundi akamwambia mkewe, "Akirudi na macho mapya, nataka aone kitu kipya."

Akajifunga kibwebwe. Alikata mizizi yote iliyochomoza. Alijenga ukuta wa duara kuuzunguka mti, urefu wa goti. Akaufunika kwa vigae vya buluu na vyeupe vilivyobaki kazini. Ndani akajaza udongo mpaka juu, ukagusa shina pande zote, kisha akapanda maua. Kikawa kibaraza cha kukalia, cha kupendeza kweli.

Jirani yao, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, alichungulia juu ya ukuta wa ua. Watu walimwita Mama Mkasi, kwa sababu mkasi wa bustani haukutoka mfukoni mwake. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa miti katika uwanja wa hospitali.

"Fundi! Udongo wote huo unamzika nani?"

"Kila mtu na fani yake, mama," fundi alijibu.

Watu waliokuja kushangaa kibaraza walicheka. Mama Mkasi akateremka zake. Siku hiyohiyo dereva wa lori wa nyumba ya mkabala aliomba ajengewe cha kwake kuzunguka mti wake, na kinyozi naye akaomba. Fundi akawajengea.

Mama mkwe, aliyepata habari za kibaraza kwa binti yake, alipiga simu akiwa hospitali. "Nimewatangazia wodi nzima! Nimewaambia mimi sina mkwe, nina mtoto."

Fundi alitembea kifua mbele wiki nzima.

Jicho moja likapona, likafuata la pili. Mwanawe akamng'ang'ania mama abaki kwanza. Mvua zikaja, zikapita. Ndipo fundi alipoona majani ya juu kabisa yamekuwa madogo, tena ya njano. Maparachichi yakaanza kudondoka yakiwa sawa na kidole gumba. Kisha tawi la juu ya dirisha la mama likakauka.

Fundi hakumwambia mtu. Aliamka kabla ya majirani, akafagia majani na matunda, akayaficha kwenye mfuko mtupu wa saruji.

Mama akapiga tena. "Mparachichi wangu haujambo?"

"Haujambo, mama. Umestawi ajabu!"

Mkewe aliacha kushona. "Umemdanganya mama yangu."

"Nimempunguzia mawazo."

"Tawi hilo likianguka juu ya kitanda chake, utampunguzia nini?"

Fundi alibanwa. Na mtu aliyebanwa hutafuta wa kumlaumu. Alitoka nje, akamsikia Mama Mkasi akifua upande wa pili wa ukuta. Akapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama.

"Mama! Maji yako ya sabuni yanaua mti wa mkwe wangu!"

Kufua kukakoma. Halafu sauti ikajibu, "Ngoja nitoe mikono kwenye povu. Nakuja."

Alikuja na koleo dogo. Hakutazama majani. Alitazama chini.

"Mguu wake uko wapi?"

"Mguu gani?"

"Mti una mguu, baba. Ni pale shina linapopanuka kabla ya kuingia ardhini. Huu wako umesimama kama nguzo ya umeme. Ulizaliwa hivi?"

Akafukua udongo kando ya shina. Gome la chini lilikuwa jeusi na laini. Akamega kipande, akamnyooshea fundi.

"Nusa."

Fundi akanusa. Kilikuwa kimeoza.

"Gome si mzizi," alisema Mama Mkasi. "Likifukiwa kwenye udongo mbichi, linaoza. Na mizizi yenyewe inapumua. Mingi haiko chini sana, iko hapa juu juu, na inakwenda mbali hata kupita kivuli cha matawi. Wewe ukifunikwa magodoro matatu, utaamka?" Akazunguka kibaraza. "Na mizizi mikubwa ya upande huu, nani kaikata?"

Fundi alitazama vigae vyake. Vilikuwa vimenyooka vizuri sana.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inamkwaza mama."

"Si ungehamisha kiti!"

Uso ulimwaka moto. Mkewe alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliona haya kwa ajili ya mumewe, akageuka pembeni.

"Nisamehe, mama," fundi alinong'ona.

"Aa, sikusikii. Ulinitukana kwa sauti, niombe radhi kwa sauti. Waliosikia la kwanza wasikie na la pili."

Wapita njia walikuwa bado pale. Fundi akawageukia, akasema kwa nguvu: "Mama hana kosa! Mti nimeuua mimi!"

"Bado hujauua," Mama Mkasi alisema, safari hii kwa upole. "Unaumwa. Vunja ukuta huu. Ondoa udongo wote ulioleta mpaka mguu uonekane. Karibu na mizizi tumia mikono, usitumie jembe. Usikate mzizi mwingine. Tawi kavu usilipande wewe. Nitakuletea mkataji aliyefunzwa, mwenye kamba. Na mtu akikushauri uukate mti kichwa, mfukuze. Mti mkubwa ukikatwa kichwa huchipua matawi dhaifu, na hayo ndiyo huanguka kwenye mapaa."

"Na majani haya?" mke aliuliza. "Sisi hufagia kila siku mpaka uwanja unang'aa."

"Unaufagilia mti chakula chake, mwanangu. Yatandaze chini ya matawi, lakini yasiguse shina. Kiangazi, mwagilia kule kivuli kinapoishia, maji mengi, polepole. Kisha acha udongo ukauke kidogo ndipo urudie."

"Utapona?" fundi aliuliza.

"Sijui. Mti mkubwa hufa polepole na hupona polepole. Utatuambia wenyewe."

Alipoondoka, mke alimpa fundi simu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mpigie."

Mikono ile mizuri ikabonyeza namba.

"Mama, nilikudanganya. Mti unaumwa. Nimeuharibu mimi kwa kibaraza na kwa kukata mizizi."

Mama aliuliza, "Umekata mizizi ya mume wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimewatangazia watu."

"Najua, mama. Nakivunja leo."

"Vunja," alisema, akakata simu.

Nyundo ilipoanza kulia, majirani walifika. Kinyozi alicheka. "Fundi gani huyu, anajenga na kubomoa?" Dereva hakucheka. Aliuliza taratibu, "Na changu je?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini haikupasuka, ikabidi ajibu. "Chako pia, na cha kinyozi. Niliwafundisha kosa. Nitakuja kuvivunja mwenyewe."

Mkataji alikuja na kamba zake. Alilifunga tawi kavu, akalishusha kipande kwa kipande. Hakuacha kisiki kirefu, wala hakukata hadi ndani ya shina. Alikata nje kidogo ya ule uvimbe unaounga tawi na shina. Fundi alileta rangi ya kupaka kidonda, mkataji akaikataa. "Mti hujifunga wenyewe," alisema.

Mama mkwe aliporudi, hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Fundi alisimama mbali, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa. Mama aliinama, akagusa mguu wa mti, na makovu ya mizizi iliyokatwa. Alifuta macho yake mapya kwa upindo wa kanga.

Fundi akaleta kiti cha plastiki. Akakiweka mbali na shina, kivuli kinapoishia.

"Kaa hapa, mama. Hapa hakuna mzizi wa kukukwaza."

Mama alikaa. Akatazama huku na huku.

"Kumbe ilikuwa kuhamisha kiti tu?"

"Ndiyo, mama."

"Ee!" alisema. Fundi hakulala vizuri siku hiyo.

Mwaka ule mti haukuzaa. Mwaka uliofuata majani yalirudi, mapana na ya kijani, na matunda machache yakakomaa juu mtini. La kwanza mama alimpelekea Mama Mkasi. Mti wa dereva ulipona. Wa kinyozi pia, ingawa yeye alilalamika mpaka mwisho kwamba vigae vilimpendeza.

Siku hizi kila mgeni akija, mama humpeleka nyuma na kumwonyesha. "Mguu wa mti lazima uonekane. Usifukie, usikate mizizi. Muulizeni mkwe wangu, yeye anajua vizuri." Fundi huinama haraka kufunga kamba za viatu.

"Mume wangu," mkewe humwambia, "hizo ni kandambili."