Namba Zilizosingiziwa

Kila siku baada ya masomo, kazi yetu ya kwanza katika klabu ya kompyuta ni kufuta vumbi. Binamu yangu hafuti. Yeye huvuta kiti, akaketi na kuuliza, "Mtamaliza lini nyie?" Tunaishi nyumba moja, kwa hiyo maringo yake nayavumilia asubuhi na jioni. Wenzetu humwita Profesa kwa kumkejeli, naye huitika bila haya!

Tulikuwa tunatayarisha maonyesho ya wazazi. Sisi wawili tulipewa programu ya JavaScript ya kugeuza namba za heksadesimali kuwa herufi. Namba hizo huhesabiwa kwa kumi na sita. Baada ya 9 hufuata A mpaka F. Mimi niliandika ubaoni 4B 61 72 69 62 75, yaani "Karibu". Profesa akaandika programu, akabonyeza.

Kikatokea kiboksi kitupu, kisha =HE>K. Darasa zima likaangua kicheko.

"Ni huyu!" Profesa akafoka, akininyooshea kidole. "Amekosea namba makusudi. Ana kijicho tangu nyumbani!"

"Koma! Namba zangu ni sahihi!"

Mwalimu wetu wa kompyuta akatunyamazisha. Akasema nisiguse kompyuta mpaka ukweli ujulikane, na huenda nisishiriki maonyesho. Nami nilikuwa nimeshamwomba mama aje! Nililia kwa hasira njia nzima. Profesa alitembea mbele yangu akipiga mluzi.

Kesho yake alitutangulia. Tulipoingia, neno "Karibu" lilikuwa limeshatokea kwenye kompyuta.

"Nimezirekebisha namba zake," akajigamba. "Sasa mtoeni kwenye maonyesho."

Mwalimu akautazama ubao, ambao hakuna aliyeufuta. "Zisome namba zilizo kwenye programu yako."

Akasoma, sauti ikizidi kufifia. Zilikuwa zile zile za ubaoni, moja baada ya nyingine.

"Sasa ulirekebisha ipi?" nikamuuliza. "Si useme!"

Profesa akakiri, "Nilisahau kuandika 16 kwenye programu. Kompyuta ikazisoma kama namba za kawaida, za kuhesabiwa kwa kumi."

"Uligundua lini?" mwalimu akauliza.

"Jana... kabla hatujatoka."

Nilitamani kumzaba kofi. Alijua, na bado akapiga mluzi!

"Kusahau 16 kunaweza kumtokea yeyote, hata mimi," mwalimu akasema. "Lakini ulilijua kosa lako ukamwacha mwenzako alie. Toka kwenye kiti hicho. Wazazi wakija, yeye ndiye atakayebonyeza."

Profesa akainuka, akaokota kitambaa cha vumbi. Akapita karibu nami, akanong'ona, "Nisamehe."

"Hapana," mwalimu akasema. "Sema kwa sauti ile ile ya jana. Ulimchafulia jina mbele ya watu, basi umsafishe mbele ya watu."