Mashine Haitaki Kushiba

Povu aliamka amechoka. Siku ilikuwa haijaanza, na mikono yake ilikuwa imeshachoka. Viganja vilikuwa vimepasukapasuka. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mtoto anayejifunza kunywa.

Povu halikuwa jina lake. Mtaa ulimwita hivyo kwa sababu ya namna alivyofua. Kwake, nguo haikuwa safi mpaka povu lifike kwenye viwiko.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na kibaraza cha nyuma chenye bomba. Katika chumba cha kwanza alilala mama mkwe wake, ambaye alikuwa amepooza upande mmoja. Alikuwa na mwaka wa pili kitandani. Kila siku mashuka mawili yalichafuka. Siku mbaya, manne. Hapo hujahesabu sare za watoto. Hujahesabu ovaroli ya mumewe, fundi wa magari, iliyorudi kila jioni imelowa grisi.

Tabibu wa zahanati alikuwa amemshika kile kifundo na kukigeuza taratibu.

"Ukiendelea kukamua mashuka," alisema, "mwaka ujao hutaweza kujifunga kifungo."

Hakusema nani atayakamua badala yake. Watu wa namna hiyo hukuambia pumzika, halafu humwita mgonjwa anayefuata.

Ndipo wifi yake, dada wa mumewe, alipoleta mashine ya kufulia. Ilikuja juu ya mkokoteni, nyeupe, yenye mlango wa kioo mbele.

"Wifi, mimi imenishinda," alisema. "Nguo zinatoka zinawasha, halafu inapiga kelele kama inachinjwa. Labda wewe nayo mtaelewana. Si wewe ndiye mtaalamu wa mapovu?"

"Ina kitabu cha maelezo?"

"Kilikuwepo. Kina lugha saba. Yetu haimo."

Waliotengeneza mashine ile walijua njia ya kuifikisha sokoni. Walijua hata rangi itakayompendeza mnunuzi. Lakini wanunuzi wanasoma lugha gani, hilo hawakulijua, au hawakujali. Na aliyeiuza dukani naye alifunga mdomo.

Basi Povu akajifundisha mwenyewe. Alikuwa mtu wa kulisha. Mgeni hakutoka kwake na njaa. Aliilisha mashine vilevile.

"Kula, mwenzangu. Kula ushibe," aliiambia.

Aliingiza mashuka, taulo, sare, ovaroli na blanketi. Akashindilia kwa ngumi. Akafunga mlango kwa goti. Kisha akamimina konzi tatu za sabuni ileile ya unga aliyofulia kwa mkono, na ya nne akaongeza kwa moyo mweupe.

Nguo zilitoka zimekakamaa, zina michirizi myeupe. Katikati ya blanketi palikuwa pakavu. Baada ya siku nne, mgongo wa mama mkwe ulikuwa mwekundu.

"Mwanangu," alisema yule mama polepole, maana mdomo wake ulikuwa mzito, "hili shuka umelifua kwa pilipili?"

Povu akaongeza sabuni. Alidhani usafi umepungua.

Jumamosi asubuhi mashine ilianza kuguna. Ikatikisika, ikasogea hatua nzima kutoka ukutani. Povu jeupe likatoka kwenye droo ya sabuni, likateremka, likatanda sakafuni. Likaelekea kwenye ekstensheni ya umeme iliyolala chini. Povu alikimbia pekupeku, mikono imelowa, akashika kona ya mashine.

Umeme ulimrusha. Alianguka kwa kiuno.

Mumewe alikimbilia swichi kuu kando ya mlango wa mbele, kukavu, akaizima. Kisha akarudi kumwinua. Alikuwa ameogopa, na kwake woga ulitoka kama hasira.

"Huu ni uzembe wako. Ungekufa hapa. Kesho hii mashine inaondoka."

"Na mashuka?"

Mumewe akatazama ile mikono. Akatazama pembeni.

"Tutarudi kwenye beseni," alisema.

Aliposema tutarudi, Povu alijua ni nani atakayerudi. Alikaa kwenye sakafu yenye unyevu, akahesabu kichwani mashuka ya mwaka mzima, akashindwa kufika mwisho.

"Nani hapo amesema uzembe?"

Alikuwa jirani wa nyuma, mwanamke aliyeitwa Bi Dobi. Alikuwa amefua nguo za hospitali miaka thelathini na mmoja. Alisimama kwenye lango la uani na fimbo yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

"Shikamoo, Bi Dobi," alisema fundi, mume wa Povu.

"Marahaba. Swichi kuu umeizima?"

"Nimeizima."

"Hapo umefanya la maana. Sasa niletee kiti, unielekeze huo uzembe ulipo."

Alikaa. Aliinua ule mkono wa vidole vitatu ili wote wauone.

"Tulipoletewa mashine pale hospitali, tuliambiwa kitufe cha kijani ndiyo kazi. Basi. Hakuna aliyetuambia chekundu ni cha nini. Zile za zamani mlango ulifunguka hata pipa likizunguka. Nilikijua chekundu siku mwenzangu alipokibonyeza mashine ikasimama, vidole vyangu vimeshakwenda. Msimamizi akachukua kalamu akaandika: uzembe. Neno moja. Nilikuwa sijui kusoma. Nilijifunza kusoma ili nilione lilivyokaa." Alimgeukia fundi. "Kwa hiyo hilo neno, baba, lisitumike hovyo mbele yangu."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Samahani, Bi."

"Mwombe huyo aliyeanguka."

Akamwomba mkewe samahani, kwa sauti ndogo. Povu aliitikia kwa kichwa tu.

Bi Dobi aliagiza plagi ichomolewe kwa mikono mikavu, na mtu avae viatu. Aliifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na nyaya tatu, lakini mbili tu ndizo zilizofungwa.

"Huu wa kijani na manjano umeachwa unaning'inia," alisema. "Ni waya wa ardhi. Umeme ukivuja ndani ya mashine, huu ndio unaoupeleka chini badala ya kupita kwenye mwili wako. Aliyeukata alitaka kurahisisha kazi."

"Nitaufunga mimi," alisema fundi. "Si mimi ni fundi?"

"Fundi wa magari. Gari likikosewa linazimika. Hii ikikosewa anazimika mkeo. Kamwite fundi wa umeme. Atazame na soketi ya ukutani kama ina waya wa ardhi. Aipandishe juu, mbali na maji. Ekstensheni sitaki kuiona hapa tena."

Kisha aliwaonyesha kifuniko kidogo chini ya mashine. Waliweka sinia, wakakifungua. Maji machafu yalitoka, na pamoja nayo nati mbili, kipande cha msumari na kifungo.

"Hili ni chujio. Nati hizi ni za nani?"

Fundi alijipapasa mifuko kama mtu aliyefumaniwa.

"Kagua mifuko yote kabla ya kufua. Funga zipu. Na ovaroli yenye petroli isiingie humu kabisa. Petroli ndani ya mashine inaweza kushika moto. Ianikwe kwanza nje, mbali na jiko, mpaka harufu iishe, halafu ifuliwe peke yake kwa mkono."

"Nani aifue?" aliuliza Povu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Bi Dobi afike.

Fundi alizitazama zile nati kwenye sinia.

"Mimi," alisema mumewe.

Kutoka chumbani mama mkwe alisema, "Nimesikia. Mimi ni shahidi."

Fundi wa umeme alikuja Jumatatu. Alifunga waya wa ardhi, akaipandisha soketi ukutani, akaweka na kifaa kinachokata umeme ukivuja. Bi Dobi aliweka bakuli la maji juu ya mashine. Maji yakalala upande mmoja. Wakazungusha miguu ya mashine, mmoja baada ya mwingine, mpaka maji yakatulia sawa.

"Ilikuwa inatembea kwa sababu inachechemea," alisema. "Na kwa sababu umeivimbisha tumbo. Hebu niwekee nguo nione."

Povu alivaa glavu. Bi Dobi alimwambia aondoe kinyesi kwenye mashuka ya mgonjwa, akitupe chooni, kisha ayasuuze kwa maji baridi. Maji ya moto yangelifanya doa ling'ang'anie. Mashuka ya mgonjwa yafuliwe peke yake, kwa maji ya moto ambayo kitambaa kinastahimili. Lebo iliyoshonwa pembeni ndiyo inayosema ni moto kiasi gani. Nguo nyeupe zikae na nyeupe wenzao. Nguo mpya ya rangi isichanganywe, la sivyo sare zote zitageuka waridi.

Povu aliingiza mashuka matatu. Akanyoosha mkono kuchukua la nne, na taulo.

"Ya nini?"

"Haijashiba, Bi."

"Kumbe hapo ndipo ulipopotelea." Kwa mara ya kwanza Bi Dobi alitabasamu. "Mwanangu, hii haitaki kushiba. Inafua kwa kuangusha nguo. Nguo inapanda juu, inadondoka kwenye maji, uchafu unatoka. Ukishindilia, zitadondokea wapi? Weka kiganja chako wima, juu ya nguo. Kinapita?"

Povu alijaribu. Kilipita, kile kiganja kilichopasuka.

"Basi. Hiyo ndiyo nafasi yake ya kupumua. Sasa sabuni. Ya mashine, siyo ya beseni. Soma pakiti inasema kipimo gani."

Povu alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Akapima kwa kikombe kidogo. Ilikuwa kidogo mno, akaona aibu.

"Povu lenyewe litatoka wapi?"

"Povu si usafi. Povu jingi hubaki ndani ya nguo, halafu linamla mgonjwa ngozi. Mkweo hakulalia uchafu. Alilalia sabuni."

Povu alisimama na kile kikombe mkononi. Aliwaza siku zile zote alizoongeza konzi kwa mapenzi.

Mashine ilizunguka bila kuguna. Watoto walizuiwa kuisogelea. Ilipotulia, Povu alitaka kuvuta mlango, lakini Bi Dobi alimzuia kwa fimbo. "Usilazimishe. Itakuruhusu yenyewe." Baada ya muda kidogo mlango ukalia *ta*. Mashuka yalitoka laini, yamekamuliwa, yananukia maji tu. Povu alichomoa plagi kwa mikono mikavu, akaacha mlango wazi ili ndani pakauke pasiote ukungu.

Kwa siku tisa aliendelea hivyo. Tabibu alitoa dawa ya kupaka, na ule wekundu ukafifia. Mama mkwe alilala alasiri nzima bila kumwita mtu.

Povu alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Herufi zilipanda na kushuka kama kuku njiani. Mstari wa kwanza ulisema: MIMI SITAKI KUSHIBA. Chini yake akaandika mambo ya kiganja, kipimo, mifuko, petroli, mikono mikavu. Akalibandika ukutani juu ya mashine.

Wifi alikuja Jumapili.

"Mashine imeshakufa?" aliuliza. Kisha akaona nguo kwenye kamba, akashika shuka, akalinusa. Akaenda kibarazani. Alisimama mbele ya lile boksi, midomo ikimchezacheza. Alisoma mpaka mwisho, kisha akarudia tena toka juu.

"Kumbe haikuwa mbovu," alisema. "Wanangu walijikuna miezi mitano. Nikawa nawapaka mafuta, naongeza sabuni. Ni uzembe wangu."

"Neno hilo hapa halitumiki," alisema mama mkwe kutoka chumbani.

"Hukuambiwa, wifi," alisema Povu. "Na mimi sikuambiwa. Nimeambiwa juzijuzi tu, na mtu aliyelipia kwa vidole."

Wifi alikaa kwenye kizingiti. Naye alikuwa mtu aliyechoka, mwenye viganja vilevile.

"Utataka kuirudisha?"

"Hapana. Mama ndiye mwenye mashuka. Ila jirani zangu wawili wanazo mashine kama hii, na kitabu ni kilekile cha lugha saba." Akatazama tena ukutani. "Una boksi jingine?"

Povu alikuwa nalo. Alimletea na kalamu, akakaa karibu naye. Mumewe alikuwa uani, ameinama kwenye beseni, akisugua ovaroli na kulalamika juu ya mgongo wake. Wifi aliandika mstari wa kwanza, akauliza mstari wa pili unaanzaje. Povu alimsomea, huku ameshika kikombe chake cha chai. Alikishika kwa mkono mmoja.